Mtoto ana tundu kwenye moyo: mwongozo wa mzazi, toka kuhesabu pumzi mpaka kurudi shule

Binti yangu akiwa na wiki sita, kila akinyonya alitokwa jasho kichwani kama mtu aliyebeba gunia. Bibi yake akasema ni joto. Ilikuwa Julai, Lushoto, na sisi wakubwa tulikuwa tumevaa masweta.

Ilichukua miezi mitano na nimonia tatu mpaka mtu akataja neno eko, yaani kipimo cha ultrasaundi ya moyo. Katikati hapo, jirani aliyenitakia mema kabisa alikwisha tafuta fundi wa kukata kimeo. Leo binti yangu yuko darasa la tano, kovu lake katikati ya kifua analiita "zipu". Ninaandika haya ili mzazi mwenzangu asipoteze ile miezi mitano. Ukishafika mbele ya daktari wa moyo wa watoto, njia huwa inajulikana. Watoto wetu wengi hupotelea kabla ya hapo, kati ya nyumbani na kipimo kimoja.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi, na uandike

Ngoja mtoto alale au atulie. Mvue nguo ya juu. Weka saa ya simu, hesabu kifua au tumbo linavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa kusitasita. Kama yuko chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka hadi miaka mitano, 40.

Hii ndiyo hesabu wanayotumia wahudumu wa zahanati kutafuta nimonia, na mtego uko hapo. Mtoto wa moyo naye anahema haraka, naye anakohoa. Anaandikiwa nimonia, anapewa amoksilini, anapata nafuu kidogo, baada ya wiki tatu mmerudi benchi lile lile. Nimonia yenyewe mara nyingi ni ya kweli, maana mapafu yaliyojaa damu hushika maambukizi upesi. Swali ambalo halikuulizwa ni kwa nini inarudi.

Pamoja na pumzi, tazama mambo haya:

- Ananyonya kidogo, anaachia ziwa ili aheme, anarudi, anachoka, analala na njaa. Kunyonya kunamchukua zaidi ya nusu saa.
- Jasho kichwani wakati wa kunyonya hata kukiwa na baridi.
- Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala, au unashuka, ilhali hana kuhara wala homa.
- Kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa.
- Midomo, ulimi, fizi au kucha zina rangi ya bluu au zambarau.

Hilo la rangi nalikazia. Kwa ngozi yetu, usitazame mashavu wala mikono, utadanganyika. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa mchana, si wa taa, ufungue mdomo, utazame ulimi na fizi. Ulimi wa bluu hausubiri siku ya kliniki. Unakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto anayekoroma kwa kila pumzi, asiyeweza kunyonya kabisa, au aliyelegea.

Kisha nunua daftari dogo. Tarehe, pumzi, amenyonya vipi, uzito, dawa. Nilidhani ninajisumbua. Kumbe daftari lile ndilo lililomfanya daktari wa nne anisikilize, kwa sababu mama anayesema "anahema sana" wako wengi, ila anayesema "jana usiku akiwa usingizini alihema mara 68, juzi 71" humfanya daktari atoe kifaa chake sikioni aanze upya.

Hatua ya 2: Jua unachopambana nacho

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, karibu 8 hadi 10 wana hitilafu ya moyo ya kuzaliwa nayo. Ziko za aina nyingi, lakini kwa mzazi zinagawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la matundu: ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo una uwazi, au mshipa uliopaswa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa umebaki wazi. Upande wa kushoto wa moyo una nguvu kuliko wa kulia, kwa hiyo damu inasukumwa kupitia tundu na kurudi kwenye mapafu ilikotoka. Mapafu yanafurika. Mtoto hawi wa bluu. Anahema, anatoka jasho, hakui. Binti yangu alikuwa wa kundi hili, tundu kati ya vyumba viwili vya chini.

Kundi la pili ni la watoto wa bluu. Kwao damu haifiki vya kutosha kwenye mapafu, au mishipa mikubwa imetoka mahali pasipo pake, hivyo damu isiyo na oksijeni inaingia mwilini. Inayoonekana zaidi kwa watoto waliovuka mwaka inaitwa Tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888. Ni kasoro nne katika moyo mmoja. Utamwona mtoto anacheza, ghafla anachuchumaa apumzike, kisha anaendelea. Hajafundishwa na mtu. Kuchuchumaa kunabana mishipa ya miguu na kusukuma damu zaidi kwenda kwenye mapafu.

Sasa sikiliza jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema. Mtoto mwenye tundu kubwa anaweza kuonekana *amepona* bila kutibiwa. Alikuwa anakohoa kila wiki. Akifika mwaka mmoja au miwili kikohozi kinapungua, anahema vizuri, ananenepa kidogo. Familia inashukuru, rufaa inawekwa kabatini. Kinachotokea ndani ni kwamba mishipa ya mapafu, baada ya kupigwa na damu nyingi muda mrefu, imeanza kuwa migumu na minene. Damu haifuriki tena kwa sababu haipiti. Hali hiyo ikiendelea, damu inageuza njia, mtoto anaanza kuwa wa bluu akiwa na miaka kadhaa, na wakati huo kuziba tundu kunaweza kumuua, hivyo madaktari hukataa kumpasua. Wodini nililala kitanda cha jirani na mama wa kijana wa miaka 13 aliyeambiwa hivyo. Tundu lake lilikuwa kama la binti yangu.

Si kila tundu linapasuliwa. Madogo mengi, hasa yaliyo kwenye nyama ya ukuta wa chini, hujifunga yenyewe katika miaka ya mwanzo. Ila anayejua kama lako ni dogo ni mwenye kipimo, si nafuu unayoiona kwa macho.

Na kuhusu chanzo: moyo wa mtoto unakamilika kuumbika takriban wiki ya nane ya mimba, wakati mwanamke mwingine hata hajajua ana mimba. Rubela katika miezi mitatu ya kwanza, kisukari kisichodhibitiwa, pombe na baadhi ya dawa za kifafa huongeza uwezekano. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down (ya kuzaliwa nayo, inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili) wana hitilafu ya moyo, kwa hiyo kila mtoto wa Down apimwe hata kama anaonekana mzima. Kwa wengi wetu lakini chanzo hakijulikani. Si laana ya ukoo wa mama, si kupigwa jua, si kwa sababu ulibeba ndoo. Kama mumeo au mawifi wanakunyooshea kidole, nenda nao kliniki wakasikie kwa daktari. Mimi nilifanya hivyo na ilisaidia kuliko machozi yote niliyolia.

Hatua ya 3: Omba eko, kwa jina lake

Kifaa cha kusikilizia kinaweza kusikia mvumo, picha ya kifua inaweza kuonyesha moyo uliovimba, lakini kinachoonyesha tundu liko wapi na lina ukubwa gani ni eko: ultrasaundi ya moyo. Haina sindano wala haiumi. Wanapaka jeli kifuani na kupitisha kifaa. Mtoto akilia picha hazitulii, kwa hiyo nenda na ziwa, chupa au kitu anachokipenda.

Ukiwa zahanati au kituo cha afya, sema hivi, bila ugomvi: "Daktari, hii ni nimonia ya tatu, uzito hauongezeki, na anatoka jasho akinyonya. Naomba umsikilize moyo, umpime oksijeni kidoleni, na kama kuna shaka uniandikie rufaa ya eko." Kile kifaa cha kubana kidoleni kinapatikana sasa sehemu nyingi. Oksijeni ya mtoto mzima huwa 95 au zaidi kwa mia. Ikiwa chini ya 90, sio ya kurudi nayo nyumbani.

Rufaa kwetu hupanda ngazi: zahanati, wilaya, mkoa, kanda, taifa. Usiogope kuuliza kila ngazi, "Hapa eko ya watoto ipo? Kama haipo, iko wapi karibu?" Mwezi mmoja unaweza kuishia kwenye ngazi ambayo haina mashine. Ulizia pia tiba mkoba, pale mabingwa wa moyo wanapokuja mikoani kupima watu. Hutangazwa redioni na kwenye mbao za hospitali.

Kwa Tanzania mahali pakuu ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyo kwenye eneo la Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo imekuwa taasisi inayojitegemea tangu 2015. Kabla ya hapo watoto wengi walilazimika kupelekwa India. Zanzibar, anzia hospitali ya Mnazi Mmoja. Wakenya wana Kenyatta na Mater jijini Nairobi, na Tenwek kule Bomet. Uganda wana Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago, na Kigali kuna King Faisal.

Siku ya majibu, usiondoke bila kuandikiwa kwa mkono wa daktari mambo manne: jina la hitilafu, ukubwa wake, shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu likoje, na lini apasuliwe. Piga picha kila karatasi. Karatasi hulowa mvua na hupotea kwenye basi.

Hatua ya 4: Wakati mnasubiri

Huu ndio muda mrefu zaidi, na kazi yote iko mikononi mwako.

*Chakula.* Mtoto wa moyo anatumia nguvu nyingi kuhema tu, kwa hiyo anahitaji chakula kizito kuliko wenzake huku akiwa na nguvu ndogo ya kula. Mnyonyeshe kidogo kidogo, kila saa mbili, mchana na usiku. Akichoka, kamua, umalizie kwa kikombe na kijiko. Mlaze kichwa kikiwa juu kidogo. Akianza kula, uji uwe mzito, utie karanga zilizosagwa vizuri, mafuta kidogo, yai, maziwa. Uji mwepesi wa kujaza tumbo haumsaidii. Chumvi isiongezwe mezani.

*Dawa.* Wengi huanzishiwa Lasix ya kupunguza maji, pengine pamoja na nyingine ya kumpunguzia moyo kazi. Vidonge vyenyewe ni vya watu wazima. Mfamasia akuonyeshe, kwa macho yako, jinsi ya kusaga na kuchanganya na maji, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usikadirie kwa kijiko. Akitapika dozi, usimrudishie bila kuuliza. Zikikaribia kwisha, tafuta nyingine zikiwa zimebaki za wiki moja, kwa sababu duka la kijijini huenda lisiwe nazo.

*Chanjo.* Nimesikia akina mama wakiambiwa mtoto wa moyo asichanjwe. Si kweli, na ni hatari. Yeye ndiye anayezihitaji kuliko wote, hasa ya nimonia, ya kifaduro na ya surua na rubela. Fuata kadi.

*Kimeo, chale na "meno ya plastiki".* Naomba hapa nisikilizwe. Kukata kimeo hakuondoi kikohozi kinachotoka moyoni. Wembe ule unaleta damu nyingi na vijidudu, na vijidudu vikiingia kwenye damu ya mtoto mwenye hitilafu vinaweza kukaa kwenye moyo na kuula. Kuchimba fizi za mtoto ili kung'oa hayo "meno ya plastiki" ni hivyo hivyo. Wazee wetu wana nia njema, uwaheshimu, ila mtoto asitoke mikononi mwako. Mimi nilimwambia jirani: "Dada, asante, daktari amesema asiguswe mpaka apimwe." Kumtaja daktari kulimaliza mjadala bila kumvunjia heshima mtu.

*Meno.* Kwa sababu hiyo hiyo, msugue meno tangu la kwanza. Kabla ya kung'oa jino mwambie daktari wa meno kuhusu moyo. Watoto wa bluu ambao hawajapasuliwa, pamoja na baadhi ya waliopasuliwa, hupewa antibayotiki kati ya nusu saa na saa moja kabla.

*Kama mtoto wako ni wa bluu*, jifunze leo, kabla hujaihitaji, namna ya kumshika akizidiwa. Mara nyingi hutokea asubuhi au baada ya kulia: analia bila kutulia, anahema kwa kina, anazidi kuwa mweusi midomoni, mwishowe analegea. Mpakate, kunja magoti yake mpaka yaguse kifua, mbembeleze kwa sauti ya chini, kisha hospitali, hata akirudi kawaida njiani. Usimlaze chali miguu imenyooka. Na akiharisha au kutapika, anza maji ya ORS mara moja na umpeleke aonwe mapema. Damu ya watoto hawa ni nzito. Wakikaukiwa maji inaweza kuganda na kuwaletea kiharusi.

Hatua ya 5: Pesa

Uliza gharama mapema, kwa maandishi. Kama mna bima, uliza kama upasuaji wa moyo umo na kibali kinatoka wapi. Kama hamna, mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujauza shamba. Kazi yake ni pamoja na kupima uwezo wa familia na kuombea msamaha au mfadhili. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, cheti cha kuzaliwa, na ripoti ya eko. Uliza pia kambi za madaktari wa nje wanaokuja kupasua watoto pamoja na wa kwetu, na mashirika yanayosafirisha watoto, kama Save a Child's Heart la Israeli, ambalo limewatibu watoto wengi wa Zanzibar na Bara.

Tenga nauli na pesa ya kula mjini. Sisi upasuaji ulipata mfadhili, kilichotutesa ni wiki tano za kulala kwa shemeji Mbagala na daladala za kila siku.

Hatua ya 6: Upasuaji

Baadhi ya hitilafu, kama ule mshipa uliobaki wazi na matundu fulani ya vyumba vya juu, huzibwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Mtoto hapasuliwi kifua na hutoka mapema. Tundu kubwa la vyumba vya chini na Fallot kwa kawaida huhitaji kifua kufunguliwa, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu.

Wiki ya kabla, mkinge na mafua; homa au kikohozi huahirisha. Ndugu wa kuchangia damu wajiandae. Masaa ya kutokula yafuatwe hasa, hata akilia. Usifiche kwamba alionja uji, kwa sababu chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu akiwa usingizini.

Utakapoingia chumba cha wagonjwa mahututi utamkuta amevimba uso, ana mrija mdomoni, mirija ya kutoa maji kifuani, nyaya, na mashine zinazolia. Nilikaribia kuanguka, maana hakuna aliyenieleza. Basi mimi nakueleza: mashine kulia si lazima iwe hatari, mirija inatolewa mmoja mmoja, na mkono wake unaruhusiwa kuushika. Muulize muuguzi upi. Osha mikono kwanza.

Hatua ya 7: Kurudi nyumbani

Mfupa wa kifua unahitaji wiki 6 hadi 8 kuunga. Usimnyanyue kwa makwapa wala kumvuta mikono. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni. Kumbeba mgongoni kwa kanga, subiri ruhusa. Kidonda kiwe kikavu, bila majivu, bila mafuta ya mtu. Homa, usaha, kifua kinachosikika kama kinacheza anapojigeuza, kuhema upya au kukataa kula: rudi siku hiyo hiyo.

Kliniki za marejeo ndizo watu huziacha, mtoto akishanenepa. Binti yangu aliongeza kilo mbili kwa miezi miwili, akaanza kutambaa, na mume wangu akauliza nauli ya Dar ya nini tena. Tulikwenda. Wakakuta maji kidogo yamezunguka moyo, yakaisha kwa dawa.

Shuleni, peleka barua ya daktari kwa mwalimu wa darasa na wa michezo, iseme wazi anachoweza na asichoweza. Waliozibwa tundu vizuri wengi hukimbia kama wenzao. Binti yangu anacheza mdako na netiboli, akichoka anakaa, mwalimu hamlazimishi.

Jambo la mwisho ni la wasichana. Hitilafu ya moyo na mimba vizungumzwe na daktari kabla ya mimba, si baada. Kwa aliyezibwa mapema mara nyingi hakuna shida kubwa. Kwa ambaye mapafu yake yalishaharibika, mimba ni hatari ya kifo. Kwa hiyo msichana ajue jina la hitilafu yake mwenyewe, tarehe aliyopasuliwa na dawa anazotumia. Mwaka huu nilimkabidhi wangu lile daftari. Amelifunika kwa karatasi ya kalenda, na marejeo ya Oktoba ameyaandika yeye.